MAJINA YAO YAKO WAPI?

Hakuna mfanyakazi wa Dar es Salaam asiyelitaja neno Kariakoo. Hulitaja kwa kondakta wa daladala, kwa mchuuzi wa nguo, na kwa jamaa yake amtumapo sokoni. Neno hilo ni jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, lililolainishwa na ulimi wa Kiswahili. Na mahali pale ndipo Waingereza walipoiweka kambi ya watu hao baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Basi kila tulitajapo soko twawataja wafu, nasi hatuna habari.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 Uingereza ilichukua wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi yetu hii, Kenya, Uganda, Nyasa na Kongo, wengi wao kwa nguvu. Walibeba risasi na unga vichwani kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, na kutoka Rufiji hadi Msumbiji. Waliokufa wanakadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Na walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usiosagika vema, uliochoma matumbo ya watu waliozoea chakula kingine. Wajerumani nao, walioswaga wapagazi wao chini ya Lettow-Vorbeck, hawakuacha hata hesabu kamili ya waliokufa mikononi mwao.

Mwaka 1917, vita vikiendelea, Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa njema: kila askari aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Lakini kanuni hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilivuliwa viatu ikaachwa mlangoni. Maofisa waliamua kwamba makaburi ya Waafrika yaachwe yarudie pori, na mahali pa majina ziwekwe sanamu chache kwa ajili ya wote. Gavana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa nchi ile asingeielewa wala kuithamini maana ya jiwe la kaburi. Watu wanaosoma hitima, wanaotambika makaburini pa babu zao, wanaomhesabia marehemu siku arobaini, ati hawaelewi kaburi!

Hapa mjini sanamu hiyo tunaijua sote. Iliwekwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Mjerumani von Wissmann; askari ameinamisha bunduki kuelekea bandarini. Maneno yaliyoandikwa chini yake, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Msomaji na aende akaizunguke sanamu ile. Hatakuta jina hata moja. Na huyo Kipling alikuwa mzazi aliyepotelewa na mwana, kijana wa miaka 18, katika mapigano ya Loos huko Ufaransa mwaka 1915. Alimtafuta miaka mingi, akiwahoji askari waliorudi, akafa mwaka 1936 bila kujua mwanawe alilala wapi. Uchungu huo aliujua. Lakini hakupewa, wala hatujui kama aliomba, orodha ya wana wa watu wengine.

Lakini jiwe ndilo dogo. Kubwa ni habari. Fikiri mwanamke wa Usambara au wa Unyamwezi ambaye mumewe alichukuliwa njiani akaenda na kikosi. Vita vikaisha. Wengine wakarudi wamekonda, yeye hakurudi. Je, mwanamke huyu ni mjane au ni mke? Eda ya miezi 4 na siku 10 haihesabiwi kwa uvumi. Mirathi haigawanywi kwa dhana. Msiba hauwekwi kwa mtu ambaye huenda kesho akapiga hodi. Mishahara ya maelfu ya hao waliokufa haikuwafikia jamaa zao, maana ilisemekana jamaa hawakupatikana. Na hali siku ya kuwachukua vijana, kila nyumba ilipatikana.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa kwamba Ibrahimu alitoa shekeli 400 za fedha kununua pango la kumzikia Sara, na kwamba wana wa Israeli walipokuwa wakikimbia Misri hawakuisahau mifupa ya Yusufu. Somo hilo hatujalisahau.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti, ikakiri. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Radhi hiyo tunaipokea. Ila ilisemwa kwa Kiingereza, London, mbele ya watu ambao babu zao wana mawe. Januari 2025 lilifunguliwa Cape Town kumbukumbu la Waafrika zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina lake. Kumbe yawezekana.

Tena mtu asidhani kwamba maradhi haya ni ya wakoloni peke yao. Januari 15, 2016 kambi ya majirani zetu Wakenya ilivamiwa huko El Adde, Somalia, na askari wengi wakafa. Miaka ikapita bila Serikali yao kuwatangazia wananchi idadi kamili, huku Rais wa Somalia akiitaja yeye, na wazazi wakisikia ya nje kabla ya kusikia ya nyumbani. Hatusemi haya kwa kumcheka jirani.

Nasi tuna yetu. Tunajivunia Kaboya, walikolazwa mashujaa wa vita vya Kagera, na Naliendele kule Mtwara. Desemba 2017, askari wetu 14 walipouawa Semuliki, Kongo, idadi ilitangazwa, majeneza yalirejeshwa, wazazi wakazika. Hivyo ndivyo ipasavyo, na siku nyingine yoyote itakayotufika isipunguzwe hata kidogo. Jeshi lina siri zake, nasi hatuzitaki. Mahali kikosi kilipo ni siri. Kwamba mwana wa mtu amekufa, na amekufaje, si siri mbele ya mama yake. Kama ni kwa homa, aambiwe ni homa. Kama mwili haukupatikana, aambiwe haukupatikana, wala asiletewe jeneza lililopigwa misumari akakatazwa kuuliza.

Juu ya wapagazi, twataka mambo machache. Tume ilete kwa Kiswahili kila orodha itakayoipata, kwa wilaya na kwa kijiji, isingoje kuulizwa. Wazee wa mashina waandikiwe wanayoyakumbuka juu ya babu ambao hawakurudi, kabla nao hawajaondoka. Mfanyakazi achimbaye mtaro wa bomba akikuta mifupa, aweke chini sururu na kuwaita wakubwa, na mkandarasi asimkate ujira wa saa hizo. Na Julai 25, Siku ya Mashujaa, majina yatakayokuwa yamepatikana yasomwe kwa sauti katika matawi, moja baada ya moja, na tawi la Kariakoo lianze.