Nani Alipie Uzuri wa Stamford?

Stamford, mji mdogo wa gulio ulioko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, umebarikiwa na mambo uliyoyakosa. Ulikosa viwanda vikubwa, ukakosa reli kuu, ukakosa na ardhi ya kupanukia, na kwa kuyakosa hayo ukabaki na mitaa ya mawe ambayo miji mingi ya Kiingereza iliibomoa zamani. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times liliutaja kuwa mahali bora pa kuishi nchini. Watengeneza filamu waliujua mapema zaidi: BBC iliutumia kwa tamthilia ya Middlemarch iliyorushwa mwaka 1994, na mwaka 2005 mitaa yake ikaonekana katika filamu ya Pride and Prejudice. Madalali wa nyumba hawaachi kuyataja hayo. Wasichokitaja ni kwamba uzuri wanaouuza ulitokana na watu kuzuiwa kujenga, na waliozuiwa hawakuulizwa.

William Cecil, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alijenga jumba la Burghley nje kidogo ya mji katika karne ya 16. Wazao wake, waliokuja kuitwa Marquess wa Exeter, walimiliki sehemu kubwa ya mji na kwa vizazi kadhaa wao ndio walioamua nani aende bungeni. Kura zilipigwa hadharani mpaka mwaka 1872, hivyo mpangaji aliyempinga mwenye nyumba wake alijua anacheza na paa lililo juu ya kichwa chake. Kaskazini mwa mji kulikuwa na mashamba ya wazi, yaliyolimwa kwa vipande vya watu wengi na kutumiwa kwa malisho ya pamoja. Sehemu nyingine za nchi, mashamba ya namna hiyo yaligawanywa kisheria katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, na miji ikapata pa kutanukia. Stamford ulisubiri hadi miaka ya 1870. Maelezo ya wanahistoria wengi ni kwamba ukoo wa Burghley haukuwa na haraka, kwa kuwa nyumba mpya zingeleta wapiga kura wapya wasio wapangaji wake. Maskini wakarundikana katika vyumba vya uani, nyuma ya kuta nzuri ambazo watalii wanazipiga picha leo.

Kisha reli kuu ya kutoka London kwenda kaskazini ilipita mji jirani wa Peterborough mwanzoni mwa miaka ya 1850. Wengi humlaumu Marquess wa wakati huo kwa hilo pia, ingawa lawama hii haina ushahidi mzito. Kwa vyovyote, mji ulioishi kwa magari ya farasi ya barabara kuu ya London na Edinburgh ulibaki na njia ya reli ya pembeni na biashara iliyosinyaa. Asiye na fedha ya kujenga upya hubaki na jengo la babu yake. Ndivyo Stamford ulivyohifadhiwa kabla sheria yoyote ya hifadhi haijatungwa.

Sheria ilikuja mwaka 1967, Bunge liliporuhusu halmashauri kutangaza maeneo ya hifadhi. Stamford ukawa wa kwanza England kutangazwa. Leo una majengo zaidi ya 600 yaliyoorodheshwa kuwa ya thamani ya kihistoria, katika mji wenye watu wapatao elfu ishirini. Sioni hoja yoyote ya maana dhidi ya uamuzi ule. Miaka ya 1960 ndiyo Waingereza walipokuwa wakivunja vitovu vya miji yao kupisha maegesho ya magari na maduka ya zege, na sehemu nyingi wamejuta. Mgogoro wangu si na ulinzi wa mawe. Ni na mgawanyo wa gharama zake: mwenye nyumba anatozwa mahali pasipostahili, na anayetafuta nyumba anatozwa zaidi ya wote.

Tuanze na mnunuzi. Anayenunua nyumba iliyoorodheshwa ananunua pia wajibu. Kuna madaraja matatu, la kwanza, la pili lenye nyota na la pili la kawaida, na zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yako katika hilo la mwisho. Wengi hudhani daraja la chini lina ulinzi hafifu, au kwamba ulinzi unahusu sura ya mbele tu. Si hivyo. Ngazi, milango, dari na meko ya ndani vyote vimo. Kubadilisha bila kibali kitu kinachogusa hadhi ya jengo ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka miwili. Kinachowaumiza wanunuzi zaidi ni kwamba amri ya kurekebisha humfuata mwenye jengo wa sasa, na haina ukomo wa muda. Ikiwa mmiliki wa miaka ya 1980 aling'oa madirisha ya mbao na kuweka ya plastiki, halmashauri inaweza kumtaka aliyenunua mwaka jana ayarudishe. Kwa hiyo swali la kwanza la wakili lisiwe bei. Liwe vibali: kila badiliko lililofanyika lina karatasi gani?

Mawe nayo yana masharti yake. Kuta za Stamford ni za mawe ya chokaa, yaliyounganishwa kwa udongo wa chokaa unaoruhusu unyevu kutoka. Fundi asiyejua akizipiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Msomaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu hahitaji kuelezwa. Kuta za mawe ya matumbawe zimeteseka kwa saruji vilevile. Kinachochekesha ni kwamba Ketton, kijiji cha jirani ambacho jiwe lake zuri limejenga nyumba nyingi za eneo hili, ndicho chenye kiwanda kikubwa cha saruji.

Paa ni gharama nyingine. Nyumba nyingi za hapa zimeezekwa kwa vigae vya mawe vya Collyweston, kijiji kingine kilicho karibu. Jadi yake ilikuwa kuchimba magogo ya mawe, kuyaacha nje yakiwa yameloweshwa wakati wa baridi, na kungoja barafu iyapasue yawe mabamba. Majira ya baridi yalipoanza kuwa ya uvuguvugu na mafundi wakapungua, kazi ilikaribia kufa, mpaka watu wakagundua kwamba jokofu kubwa linaweza kufanya kazi ya barafu. Vigae vipya vinapatikana tena, lakini havina bei ya vigae vya kiwandani. Mkaguzi wa majengo anayelipwa kupanda darini na kutazama mbao na vigae kwa kina atakuokolea fedha kuliko punguzo lolote utakalombembeleza dalali.

Utaratibu wenyewe wa kununua nyumba England haumlindi mtu. Makubaliano ya bei hayamfungi yeyote mpaka mikataba ibadilishwe, jambo linaloweza kuchukua miezi, na katikati hapo muuzaji yuko huru kupokea dau kubwa zaidi la mwingine. Ukiwa umeshamlipa wakili na mkaguzi, fedha hiyo imekwenda.

Kuna jambo moja linalowagusa moja kwa moja wasomaji wetu walioko ughaibuni. Tangu Aprili 2025, anayenunua nyumba yake ya kwanza kwa pauni 300,000 halipi ushuru wa stempu hata senti. Lakini "ya kwanza" maana yake ni ya kwanza popote duniani. Muuguzi aliyepanga Peterborough, na ambaye amejenga nyumba Dodoma au Mombasa, hapati msamaha huo. Tena kama sehemu yake katika nyumba ile ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, anahesabiwa kuwa anaongeza nyumba ya pili na kutozwa asilimia 5 juu ya ushuru wa kawaida. Kwa nyumba ileile ya pauni 300,000 atalipa 20,000, wakati mwenzake wa wodi moja halipi kitu. Anayenunua akiwa anaishi Muscat au Nairobi huongezewa asilimia 2 nyingine. Madalali si wepesi wa kulisema hili mwanzoni.

Sasa kodi ya ongezeko la thamani. Nyumba mpya inayojengwa kwenye uwanja mtupu hutozwa sifuri. Kukarabati nyumba ya miaka 300 hutozwa asilimia 20. Mpaka Oktoba 2012 mambo yalikuwa ya ajabu zaidi: kubadilisha jengo lililoorodheshwa kwa kibali kulitozwa sifuri, huku kulitunza lilivyo kukitozwa kodi kamili. Serikali ilipoamua kuondoa upotofu huo haikuteremsha kodi ya ukarabati. Ilipandisha ya mabadiliko. Kwa hiyo nchi inayomtishia mtu jela akiharibu jengo la kale inamtoza pia kodi inayomsukuma kwa fundi wa magendo anayemwambia "tulipane taslimu bila risiti". Fundi huyo mara nyingi ndiye mwenye mfuko wa saruji.

Najua jibu la wapinzani wa nafuu ya kodi, na lina uzito. Mwenye nyumba katika mitaa ya Barn Hill au St Mary's Street si maskini. Bei ya nyumba yake tayari ina thamani ya mandhari ndani yake, na ukimpunguzia kodi, punguzo litaingia kwenye bei atakayomuuzia mwingine. Kweli. Ndiyo maana nafuu isiwe ya kila kazi. Iwe ya paa, kuta, mifereji na madirisha, kwa vifaa vya asili, na kiwango kiwe asilimia 5, kile kinachotozwa sasa kwa kukarabati nyumba iliyokaa tupu miaka miwili. Jiko jipya la kifahari lilipiwe kodi kamili.

Hata hivyo, nafuu hiyo itawasaidia walio ndani tu. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida England iliuzwa kwa mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka wa mfanyakazi. Mwaka 2024 ilikuwa mara 7.7. Stamford una dakika kama 15 za treni hadi Peterborough, na kutoka hapo treni ya kasi hufika London chini ya saa moja. Mwenye mshahara wa London anayekwenda ofisini mara mbili kwa wiki anashindania nyumba na anayeuza jibini katika gulio la Ijumaa. Matokeo yake hayahitaji utafiti. Nyumba nyingi za halmashauri, ambazo zingekuwa kimbilio, ziliuzwa kwa wapangaji baada ya sheria ya mwaka 1980 na hazikujengwa nyingine za kutosha kuziba pengo.

Mji huu uliwahi kufikiri tofauti. Mfanyabiashara wa sufu William Browne alijenga mwishoni mwa karne ya 15 makao ya wazee maskini, wanaume kumi na wanawake wawili. Hakuyaficha uani, aliyaweka Broad Street, mtaa mpana wa katikati. Jengo lipo, na bado wazee wanaishi hapo. Katika miji mingi ya kale, nyumba za wenye kipato kidogo sasa hupangwa kwenye kona ya mwisho ya mradi, karibu na barabara yenye kelele.

Hapo ndipo tunapofika kaskazini tena. Mipango ya serikali za mitaa imetenga ardhi upande uleule ulioziba mji katika karne ya 19, kwa ajili ya nyumba zipatazo 2,000, nyingine zikiangukia kaunti jirani ya Rutland. Wapo wanaopinga kwa sababu za haki: barabara za katikati ni nyembamba, madaktari wamezidiwa, na machimbo ya zamani yamekuwa makazi ya mimea na wadudu. Lakini wapo pia wanaosema nyumba hizo zitaharibu mji wa kihistoria, na hao siwaungi mkono. Eneo la hifadhi liko pale lilipo, na sheria ya 1967 haikutungwa ili kumwondolea mtu jirani. Kuutumia urithi kama sababu ya kukataa nyumba kilomita mbili kutoka Red Lion Square, katikati ya mji, ni kuirudia kazi ya Marquess kwa lugha ya kistaarabu zaidi.

Nyumba za kaskazini zijengwe. Shule, zahanati na barabara zitangulie, zisingoje mjenzi auze nyumba ya mwisho. Na idadi ya nyumba za bei nafuu ikishaandikwa kwenye mkataba, halmashauri isikubali ipunguzwe kwa kisingizio kwamba faida imekuwa ndogo, kwa sababu kisingizio hicho ndicho wajenzi wa England wamezoea kukitoa baada ya kibali kupatikana.