MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA: TUSIIPIME SWAUMU YAO KWA MIILI YETU



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani ikiingia kuna neno linarudi majumbani mwetu, huku Kisiwani na kwingineko Same: "Mbona mama yangu alifunga na mimba ya miezi minane?" Anaambiwa hivyo mjamzito aliyekula mchana, au mama anayenyonyesha aliyeonekana na kikombe cha uji saa nne asubuhi. Neno hilo si dogo. Linamfanya mwanamke afunge kwa kuwaogopa mawifi na majirani badala ya kumcha Mola wake.

Tuanze na sheria. Hadithi ya Anas bin Malik al-Ka'bi, aliyoipokea Tirmidhi na wengineo, imemtaja mjamzito na anayenyonyesha pamoja na msafiri katika waliopunguziwa mzigo wa swaumu. Ruhusa hii imetoka kwa Mtume ﷺ, haikuletwa na madaktari wa leo. Kazi ya elimu ya mwili ni kutuonyesha rehema iliyomo ndani yake.

Sasa utazame huo mwili. Chakula ukila, sukari yake huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoifungulia sukari njia ya kuingia kwenye misuli na mafuta. Sisi wa Upareni tunaijua ndiva: maji hukusanywa, mfereji hufunguliwa, kila shamba hupata kwa zamu. Insulini ni kama yule mwenye kazi ya kufungua mifereji.

Miezi ya mwanzo ya mimba, mwili wa mama huisikia insulini karibu kama kawaida, na hujiwekea akiba ya mafuta. Ikifika nusu ya pili, homoni zinazotoka kwenye kondo la nyuma huifanya misuli na mafuta ya mama visiisikie vizuri. Miezi ya mwisho usikivu huo huweza kupungua kwa nusu au zaidi. Huo si ugonjwa. Shamba la juu limepunguziwa maji ili shamba la chini lipate: sukari hukaa zaidi kwenye damu ya mama baada ya kula, ikavuka kondo, ikamfikia mtoto. Kongosho la mama nalo hulazimika kutoa insulini mara mbili au tatu ya kawaida. Likizidiwa, ndipo huja kisukari cha mimba. Kwa hiyo usimwambie mwenye nacho kwamba amejitakia kwa kupenda chai ya sukari.

Sasa mzuilie chakula mama huyu kwa saa zaidi ya 13, kutoka alfajiri hadi magharibi, katika joto la tambarare yetu. Mtoto haachi kuchota. Sukari ya mama hushuka mapema kuliko ya asiye na mimba, na mwili huanza haraka kuchoma mafuta. Wewe mwanamume unayesema "mbona mimi nimeweza" hujabeba anayechota ndani yako.

Akijifungua, kondo likatoka, usikivu wa insulini hurudi ndani ya siku chache. Lakini hapo kazi nyingine imeanza. Maziwa ya siku moja, robo tatu ya lita hivi, hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari ya maziwa, na sukari hiyo hutengenezwa kwa glukosi ya damu ya mama. Matiti huchota kwa wingi, na insulini kidogo humtosha mama. Ndiyo maana mwenye kisukari anayechoma sindano za insulini huweza kuhitaji dozi ndogo anaponyonyesha. Akifunga bila ushauri wa daktari, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka.

Utaniuliza: je, wote wale? Hapana. Wapo wanawake wengi waliofunga na mimba au wakinyonyesha, wakawa salama, na hatumfungii mtu mlango wa ibada. Ninachosema ni kwamba uamuzi ni wake, akiupima kwa hali yake na kauli ya kliniki. Akitetemeka, akitoka jasho jingi, akiona kizunguzungu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, afungue na aende kituo cha afya. Hapo kujikaza si uchamungu.

Wala ruhusa hii si ya bure. Siku atazilipa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, akila kwa kumhofia mtoto peke yake, huongeza kibaba cha chakula kwa kila siku. Akijihofia nafsi yake, hulipa swaumu tu. Mwenye mimba leo na mnyonyeshaji kesho hujikuta na deni la Ramadhani mbili. Basi mume, badala ya kulihesabu deni hilo mbele za watu, funga naye Jumatatu na Alhamisi anapolipa. Na mimba ikifika wiki ya 24 hadi 28, mtafutie nauli akapimwe sukari, hata kama ni kwenda Same mjini. Hiyo nayo ni sehemu ya kumtendea wema mkeo.

Allah awahifadhi mama zetu na wake zetu, awape watoto wenye afya, na atujaalie ndimi zisizowaongezea mzigo. Aamiin.

Wallahu a'lam.