Mpelekee Mama Mfuko wa Kitambaa

Ndugu yangu uliyezaliwa Maswa, Meatu, Bariadi, Kishapu, Kwimba au Igunga, na leo riziki yako iko Dar es Salaam, Arusha, Dodoma au ng'ambo, nina ombi kwako. Msimu wa mavuno ukikaribia, ukianza kufunga vitu vya kupeleka nyumbani, yaani sukari, sabuni, miwani ya baba na dawa za presha za mama, ongeza kitu kimoja. Weka mfuko wa kuvunia pamba, ulioshonwa kwa kitambaa cha pamba. Ukiweza, weka miwili.

Juni moja nilifika nyumbani jua likiwa limeshainama, nikamkuta mama barazani, kakaa juu ya mkeka na wajukuu wawili, katikati yao lundo la pamba lililowafika mabegani. Walikuwa wanachagua. Pamba nyeupe ilikwenda kulia, fifi kushoto. Fifi ni ile iliyotiwa madoa ya manjano na kangambili, au iliyoanguka ikalala kwenye udongo. Vidole vya mama vilikuwa vinakwenda bila macho kuvifuata; anaongea na mimi, anauliza habari za mkwewe, na huku vinatoa jani kavu, vinatoa gamba la kitumba. Mara vikasimama. Alivuta kitu, akakinyanyua kwenye mwanga. Ulikuwa uzi mweupe, mwembamba, unaong'aa kidogo, urefu wa kidole.

"Huu wa kiroba," akasema. "Ukishanipita hapa, hakuna wa kuuona tena."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, na kadiri ninavyojifunza habari za pamba ndivyo ninavyoona alikuwa sahihi kabisa. Viroba vya salfeti, vile vinavyokuja na unga na mbolea, ndivyo vimekuwa vyombo vya kuvunia katika kaya nyingi. Ni vyepesi, vipo kila nyumba, na havigharimu kitu. Lakini kiroba kikishapigwa jua msimu mmoja kinaanza kuchanika nyuzinyuzi, na kila mkono unapoingia na kutoka, nyuzi hizo zinabaki kwenye pamba. Mashine ya kiwanda cha kuchambua pamba kazi yake ni kutenganisha pamba na mbegu. Uzi wa salfeti inauachia upite, umekatikakatika, uingie kwenye robota. Robota linasafiri. Kwenye kiwanda cha nguo uzi ule unasokotwa pamoja na pamba, unafumwa, na bado hakuna aliyeuona. Unajulikana siku kitambaa kinapotumbukizwa kwenye rangi, kwa sababu pamba hunywa rangi na salfeti haiinywi. Hapo, katikati ya bluu nzuri ya shati la mtu, kinatokea kimstari cheupe. Jora zima linashuka daraja.

Mwenye kiwanda akishapata hasara hiyo haulizi kiroba kilikuwa cha nani, wa kijiji gani. Anachojua ni kwamba robota lilitoka Tanzania. Safari nyingine atanunua, lakini atakata bei, na atawakata wote: aliyechafua, na mama aliyekaa barazani mpaka giza likaingia.

Mimi hili linaniuma kwa namna ya pekee kwa sababu ya mikono ile. Marekani na Australia huvuna pamba kwa mashine, nayo mashine huzoa pamba pamoja na majani na vijiti vyake. Sisi pamba yetu huchumwa na vidole vya mtu, kitumba kwa kitumba. Kwa haki, pamba ya namna hiyo ingetakiwa kuwa safi kuliko zote na kulipwa zaidi. Na iliwahi kuwa hivyo. Kabla ya soko huria la mwaka 1994 pamba yetu ilikuwa na jina sokoni na ilipata nyongeza ya bei kwa ubora wake. Wanunuzi binafsi walipoingia na kuanza kugombania mzigo, aliyesimama kukagua daraja alikuwa anampisha mwenzake. Nyeupe na fifi zikaingia ghala moja kwa bei moja, na ile nyongeza tukaipoteza.

Bei yenyewe kwa kiasi kikubwa huvutwa na soko la dunia. Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo; mwaka uliofuata msimu ukafunguliwa kwa 1,060. Hakuna mtu wa Maswa aliyekosea jambo katikati ya miaka hiyo miwili. Usafi wa pamba, kwa upande mwingine, uko mikononi mwetu. Tuseme usafi ungerudisha shilingi 50 tu kwa kilo. Kwa mama mwenye ekari tatu anayevuna kilo 250 kila ekari, hiyo ni shilingi 37,500. Kwako mjini pengine ni mafuta ya gari ya siku chache. Kwake ni sare ya mjukuu na madaftari ya mwaka. Kwa nchi, katika msimu wa tani 200,000, ni shilingi bilioni 10, ambazo zingeanzia kwenye mifuko ya wanakijiji na kupita kwa fundi baiskeli, mwenye duka na mama lishe wa gulioni kabla ya kufika popote pengine. Ni mazao machache yanayotawanya fedha namna hiyo, kaya kwa kaya, katika nchi kavu ambako mahindi yenyewe hayana uhakika. Halafu kuna mbegu, ambayo ndiyo karibu theluthi mbili ya uzito unaopimwa kwenye mizani: inatoa mafuta ya kupikia, na mashudu yake yanalisha ng'ombe.

Sasa nifike kwenye neno gumu, ambalo mama aliniambia jioni ileile nilipomsifia. "Nachagua kwa sababu nimezoea," alisema. "Lakini kule kituoni bei ni moja. Jirani yangu hachagui, na anapokea sawa na mimi."

Sikuwa na jibu. Leo ninalo kidogo.

Lakini kabla ya kulitoa, tukiri jambo moja: wote tunajua kinachofanyika usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Wapo wanaonyunyiza maji kwenye pamba, wapo wanaotia mchanga. Tukiwalaani na kuishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Mchanga una ndugu yake, naye ni mizani. Nikiwa kijana niliwahi kupeleka furushi lililopimwa nyumbani kilo 42, kituoni likasoma 37, na karani akaniambia niondoke kama sitaki. Mtu aliyeibiwa kilo tano mwaka huu, mwakani atajilipa kwa mchanga kilo tano. Mnunuzi naye akishakuta mchanga anapata sababu ya kukaza mizani. Kila mmoja ana hoja ya kumlaumu mwenzake, na robota linaendelea kuchafuka.

Wazee wetu walikutana na tatizo hilihili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa wamechoka na mizani ya vituo vya kununulia, waliweka wapimaji wao wenyewe. Mpimaji alisimama pembeni ya mizani ya mnunuzi, akisoma namba ileile, mbele ya mwenye mzigo. Halikuwa jambo kubwa la kutazama: mtu mmoja, daftari, kalamu. Lakini kutokana na mkusanyiko huo wa watu wenye daftari, na juhudi za viongozi wa wakulima kama Paul Bomani, mwaka 1955 ulizaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao ulikua ukamiliki viwanda vya kuchambua pamba na ukawa kati ya vyama vikubwa kabisa vya wakulima Afrika. Ulianza kwa mtu kusimama pembeni ya mizani.

Ndiyo maana ombi langu la pili, ndugu yangu, ni la muda wako. Ukienda likizo mwezi wa sita au wa saba, usikae tu nyumbani ukila kuku. Amka na baba, mpande pikipiki na furushi, mwende mpaka kwenye ghala la AMCOS, chama chenu cha ushirika. Simama pale. Soma mizani kabla mzigo haujawekwa, uone inasoma sifuri. Soma tena mzigo ukiwa juu. Hakikisha risiti imeandikwa kilo zilezile. Fanya kwa adabu, bila kelele za mtu wa mjini. Karani mwaminifu atafurahi kupata shahidi. Na kama simu yako inapiga picha, piga picha ya mizani na risiti; ni kazi nzuri kuliko selfi.

Kwenu viongozi wa AMCOS, mkutano wa kabla ya msimu uko mikononi mwenu. Uwekeni mapema, watu wasiwe wameshaanza kuvuna, na kwenye ajenda mwandike mambo mawili tu mwaka huu: viroba vya salfeti visiingie shambani, na fifi ipimwe mbali na nyeupe. Mkiwa na ghala lenye pamba nyeupe tupu mnayo hoja ya kumwekea mnunuzi mezani. Mkulima mmoja mwenye kilo 200 safi hana hoja. Kijiji kizima chenye tani 200 safi kinayo. Jirani ya mama atachagua siku atakapoona tofauti kwenye risiti, wala hatahitaji hotuba.

Na kwenu wanunuzi: ilipieni zaidi pamba iliyo safi. Hata shilingi kumi ya tofauti, ikilipwa hadharani siku ya kwanza ya msimu, itafanya kazi ambayo mabango ya barabarani hayajaifanya kwa miaka.

Nirudi kwenye mfuko. Nenda kwa muuza vitambaa uulize marikani, nguo ile nyeupe ya pamba isiyo na rangi. Jina hilo lilitokana na Marekani, kwa sababu karne ya 19 ililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani. Sisi tunaolima pamba bado tunaiita kwa jina la kwao. Kama marikani haipatikani, shuka kuukuu la pamba linatosha. Mwambie fundi atumie uzi wa pamba, asishonee nailoni, maana tutakuwa tumerudi kulekule. Mfuko uwe na mdomo mpana wa kuingiza mikono miwili, wenye mkanda wa kufunga kiunoni ili mgongo wa mama upumzike. Wa pili uwe mdogo, wa kufunga ubavuni, kwa ajili ya fifi, ili kazi ya kuchagua ianzie palepale kwenye mche.

Mpigie fundi leo. Mabasi ya Bariadi yanaondoka alfajiri, na vitumba vya kwanza vinapasuka mwezi wa tano.