Inaunguruma tu, haizunguki!

Mwezi huu nilipanga tuongee kuhusu mawifi, lakini kuna jambo limetokea nyumbani kwangu na bado linanichoma. Ngoja nilitoe kwanza, mawifi watasubiri.

Mnayajua masika ya Dar. Unafua Jumatatu, Alhamisi nguo bado zina unyevu na zinanuka kama tambara la jikoni. Na mimi nina mtoto wa miezi mitano, nepi za kitambaa kila siku. Ndiyo maana dada yangu aliyeko Uingereza alipotuletea mzigo mwaka jana, kitu nilichokishangilia kuliko vyote ni mashine ya kukaushia nguo. Ni draya iliyotumika, lakini kwetu ilikuwa mpya kabisa.

Sasa Jumamosi moja nimerudi saluni, nakuta lundo la nepi mbichi juu ya draya. Nikaziingiza, nikafunga mlango, nikabonyeza. Taa ikawaka. Mashine ikaunguruma, "mmmmm", kama mtu anayenyanyua gunia la mkaa likamshinda. Halafu kimya. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, na kaharufu ka kuungua nikakasikia.

Shosti, nilipandwa na hasira! Nikamuita dada wa kazi. Nikamwambia yeye ndiye kaiua, kajaza mablanketi mabichi, na mshahara wa mwezi huu asahau, unaenda kwa fundi. Yule binti alisimama pale ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka. Hakujitetea hata neno moja. Jioni nikamkuta anafunga begi lake.

Nikamuuliza unaenda wapi? Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hii mashine ina wiki tatu iko hivi. Huwa nalizungusha lile pipa la ndani kwa mkono, nafunga mlango harakaharaka, nabonyeza, ndiyo inaondoka. Baba ndiye alinionyesha. Akasema nisikwambie."

Hapo ndipo miguu iliniisha nguvu. Baba watoto alikuwa sebuleni anaangalia mpira, na kelele zangu zote alizisikia. Hakunyanyuka.

Usiku nikamuuliza kwa nini. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Friji ilipoharibika ulisema mbele ya ndugu zangu kwamba katika nyumba hii hakuna kinachonishinda isipokuwa kila kitu. Sikutaka kusikia tena." Mwenzenu nilikosa jibu. Ni kweli nilisema, tena nikicheka.

Jumatatu fundi akaja. Kitu cha kwanza akachomoa plagi, akalizungusha pipa kwa mkono, likazunguka laini. Akasema, "Mama, mkanda mzima, hakuna kilichokwama. Mota inataka kuanza, inakosa msukumo. Hii ni kapasita." Akanieleza kwamba kapasita ndiyo inayoipa mota ya aina hii msukumo wa kuanza kuzunguka. Ikichoka, mota inabaki kuunguruma na kupata moto, ila ukiisaidia kwa mkono inaondoka. Akatoa kakopo kadogo kameandikwa mikrofaradi 8, akaweka kengine cha namba hiyohiyo. Shilingi 15,000 ya kifaa na 20,000 ya kazi yake. Nusu saa, nepi zinazunguka.

Yaani kwa shilingi 35,000 nilitaka kumtoa mtoto wa watu nyumbani kwangu!

Kabla hujamlaumu mtu, mpenzi msomaji, angalia haya niliyojifunza:

1. Haiwaki kabisa, hata taa hakuna. Angalia kama LUKU haijaisha, kisha chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyohiyo. Plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza ina fyuzi ndani, nayo huungua. Na usitumie ekstensheni nyembamba. Draya nyingi zinavuta wati 2,000 na zaidi, waya unaweza kuyeyuka.

2. Taa inawaka lakini hakuna mlio. Funga mlango mpaka usikie "ka". Ile swichi ndogo ya mlangoni ikichoka, mashine inadhani mlango uko wazi. Angalia pia kama kufuli la watoto limewashwa. Kama draya yako ni ya kukusanya maji kwenye tangi, mwaga maji, likijaa nyingi hukataa kufanya kazi.

3. Inaunguruma, haizunguki. Zima mara moja, chomoa, kisha zungusha pipa kwa mkono. Likiwa zito, kuna soksi au kitu kimekwama, au magurudumu yake yamekwisha. Likiwa jepesi mno, mkanda umekatika. Likizunguka vizuri tu kama letu, mshuku kapasita.

4. Inaanza, inazima, ikipoa inaanza tena. Hiyo inapata joto kupita kiasi. Safisha chujio la manyoya ya nguo kila ukimaliza kukausha, na hakikisha bomba la kutolea hewa halijabanwa na ukuta. Manyoya yale yakirundikana yanashika moto, si mchezo.

5. Usifungue mgongo wa mashine mwenyewe. Kapasita inaweza kutunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, na ikakupiga vibaya. Hiyo ni kazi ya fundi. Na ile ya kusukuma kwa mkono kila siku iacheni, siku moja mota itaungua, au vidole vitabaki ndani.

Sasa tugeukie upande wa pili. Fundi alipoondoka nilimuita yule dada, na baba watoto akiwepo. Nikamwomba radhi. Wasomaji wangu, kumwomba radhi mtu unayemlipa mshahara ni kugumu, koo linakauka! Lakini nilimtukana kwa sauti, ningemwombaje radhi kwa kunong'ona? Mshahara wake nimempa wote. Baba watoto naye akamwambia, "Mwanangu, nisamehe, nilikuacha ubebe mzigo wangu." Begi amelifungua, ila bado ananiangalia kwa woga kidogo. Najua itachukua muda.

Na mume wangu? Tumekubaliana kitu kimoja. Kitu kikiharibika anasema siku hiyohiyo, na mimi naufunga mdomo wangu mpaka amalize kueleza. Wiki iliyopita akaniambia pasi inapiga shoti. Nikauma ulimi, nikasema, "Asante kwa kuniambia." Alinitazama kama ameona mzimu!

Wanawake wenzangu, waume zetu wengine hawafichi mambo kwa sababu ni waongo. Wanaogopa ndimi zetu. Na akina kaka mnaosoma kwa kuibia magazeti ya wake zenu, kukaa kimya huku mtu mwingine anaumia kwa kosa lako si uanaume hata kidogo.

Haya, wacha nikaanue nepi kabla mvua haijarudi, maana siku hizi jua likitoka tu naipumzisha draya, yuniti za LUKU haziokotwi. Mwezi ujao ni zamu ya mawifi, na safari hii hawaponi!