Mzee Akisahau, Tusimwite Mchawi

Mzee ametoka nyumbani kwake Gazi kwenda dukani kununua sukari, akarejea mikono mitupu. Ameswali alasiri, kisha akasimama kuiswali tena. Vijana hucheka, wakasema babu amerudi utotoni.

Kwa bahati mbaya, mambo hayaishii kwenye kicheko. Huku kwetu Kwale, na kwa jirani zetu wa Kilifi, wako wazee waliosingiziwa uchawi wakauawa, ushahidi ukiwa mvi tu na mwenendo usioeleweka.

Ndugu zangu, kusahau kupita kiasi ni maradhi ya ubongo, si uchawi. Kurani Tukufu yenyewe, katika Suratun-Nahl, imekwisha kututajia umri ambao mtu huufikia akawa hajui tena aliyoyajua. Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walikadiria kwamba karibu nusu ya maradhi hayo duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kupambana na mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa, kukaa bila kujishughulisha, na upweke.

Huko Marekani walijaribu jambo hili kwa miaka 2, kwa watu 2,111 wa umri wa miaka 60 hadi 79. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Waliowekwa katika vikundi vya kukutana mara kwa mara, wakahimizana mazoezi, chakula bora na kupimwa, akili zao ziliendelea vizuri kuliko za wale walioachiwa wajiongoze, ingawa hao nao walipata nafuu. Tofauti haikuwa kubwa, wala haijathibitika kwamba njia hiyo huzuia ugonjwa. Hata hivyo, faida ya kuwa pamoja imeonekana.

Je, sisi tungoje wageni waje kutufundisha kukutana? Toka Diani hadi Shimoni baraza tunazo, na bao lenyewe ni hesabu. Lakini kahawa tungu na kashata si dawa, na mzee asiyeinuka barazani toka alasiri hadi magharibi, mwili wake umelala.

Rai yangu ni hii. Kila mtaa utenge siku moja kwa wiki, wazee watembee pamoja baada ya alasiri, kisha wapimwe presha na sukari. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini mikoba yenye vipimo hivyo. Basi na waalikwe. Asiyesikia vizuri apelekwe hospitali akaangaliwe masikio. Kina mama nao wasisahauliwe, maana baraza si yao. Wao wakutane madrasani, au pale wanapokaa kusuka ukili.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Mzee mwenye kikundi, akikosekana siku moja, ataulizwa. Na mzee anayejuliwa hali na watu ishirini, si rahisi mtu kumsingizia uchawi.