Jumba Linalojengwa Lipate Kuyeyuka

Ukisikia kwamba wako watu wanaojenga jumba kubwa lenye minara, nao wakijua tangu siku ya kwanza kwamba halitafika mwezi wa Mei, utasema wana wazimu? Ngoja kwanza usikie habari zao.

Mahali penyewe ni Saranac Lake, mji mdogo wa watu elfu tano hivi, milimani katika jimbo la New York, Marekani. Huko baridi ni ya miezi mingi, na maji ya ziwa huganda hata watu hutembea juu yake.

Zamani huo ulikuwa mji wa wagonjwa. Daktari Edward Trudeau alishikwa na kifua kikuu angali kijana. Akaenda milimani akidhani anakwenda kufa. Kumbe akapata nafuu. Ndipo alipowafikiria wenzake wasio na fedha. Mwaka 1885 akapokea wagonjwa wake wa kwanza, dada wawili waliofanya kazi kiwandani, akawaweka katika kijumba chekundu. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa barazani, amefunikwa mablanketi, avute hewa safi hata theluji ikianguka. Alikaa hivyo miezi, pengine miaka, mbali na watu wake. Na mgonjwa wa namna hiyo haliwi na kifua peke yake. Upweke nao humla.

Wenyeji wakaliona jambo hilo. Mwaka 1897 wakaanzisha sikukuu ya wakati wa baridi, na mwaka 1898 wakajenga jumba la kwanza la barafu. Barafu hukatwa ziwani kwa misumeno, vipande vya futi 4 kwa futi 2, na kimoja huweza kupita kilo 200. Hupangwa kama matofali. Mahali pa saruji hutiwa theluji yenye majimaji, na baridi yenyewe huigandisha. Mafundi huchonga sanamu za barafu, na usiku taa za rangi huwashwa, jumba lote likang'aa.

Baadaye dawa zikapatikana, na hospitali ya Trudeau ikafungwa mwaka 1954. Wagonjwa wakaisha, jumba halikuisha. Hata leo, barafu ikiwa nene ya kutosha, wenyeji hujitolea kulijenga bila mshahara. Kisha jua hukaza, na jumba hurudi kuwa maji.

Je, kazi yao imepotea? Mwulize aliyelala barazani akaziona taa zile.

Kwetu mtu akiugua, juma la kwanza nyumba hujaa wageni. Mwezi wa tatu hata hodi haisikiki. Twasema, "Niende kufanya nini, nami si mganga?" Watu wa Saranac Lake nao hawakuwa na dawa. Walikuwa na barafu na mikono yao, wakatoa hivyo.

Basi, jirani yako aliyelala ndani tangu mavuno, umempigia hodi lini?