Simu za Matapeli: Tufunge Mlango, Tusizibe Masikio



Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba kila mwanachama mwenye simu janja aifunge, isilie kabisa kwa namba yoyote ambayo haina jina ndani yake. Makofi yalikuwa mengi. Kura haikupigwa kwa kuwa giza lilishaingia, kwa hiyo jambo hili litarudi mkutano ujao. Gazeti hili la ukutani linapinga pendekezo hilo, na tunawaomba mtupe nafasi ya kueleza, maana mambo mawili yamo hatarini: hela ya pamba na roho za watu walio ziwani.

Kwanza tuseme wazi kwamba hasira za wenzetu ni za haki. Nani hapa hajapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajapigiwa na mwalimu asiyemfahamu, eti mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya dawa upesi? Wengine wameahidiwa utajiri wa Freemason, wengine wametumiwa ujumbe wa uongo wa kuingia kwa pesa, kisha dakika mbili baadaye simu inalia na sauti ya upole inasema, "Mama yangu, nimekosea namba, nirudishie." Mtu anarudisha hela ambayo haikuingia kabisa. Hawa ni kupe. Wanamnyonya mkulima aliyeinama shambani tangu kupanda mpaka kuvuna, na wao jembe hawalijui.

Tena safari hii wamekuja karibu. Msimu uliopita, juma lile la malipo, mama mmoja wa kitongoji cha ufukweni alipigiwa na mtu aliyejiita karani wa chama. Alimtaja kwa jina lake na la mume wake, akamtajia na kilo alizouza, bila kukosea hata moja. Eti amelipwa zaidi, arudishe tofauti kwa namba atakayotumiwa, la sivyo jina lake litafutwa katika daftari. Mama akarudisha. Hela ile ilikuwa ya mabati.

Kilo zake tapeli alizijuaje? Hakuna uchawi hapo. Orodha ya malipo ilibandikwa mlangoni pa ghala siku tisa, na ndani yake mlikuwa na majina, kilo, shilingi na namba za simu za wanachama wote. Mtu yeyote aliyepita na simu yenye kamera aliweza kuipiga picha na kwenda zake. Sisi hatusemi orodha isibandikwe. Hasha! Orodha ya kilo ni haki ya mwanachama, na chama kinachoficha kilo kitaanza kuiba kilo. Lakini namba za simu zinatafuta nini pale mlangoni? Jina na kilo vinatosha.

Hapa inafaa kukumbuka tulikotoka. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani, na chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani wakajenga vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Wazee wale hawakuacha kuuza pamba kwa kuogopa mizani ya wizi. Walimsimamisha pale mtu wanayemwamini. Ndivyo tunavyoliona na suala hili la simu.

Sasa tuje kwenye pendekezo lenyewe. Linasema namba isiyo na jina isilie. Linaonekana zuri, lakini limetungwa na mtu anayedhani kila mmoja wetu ana simu yake na chaji yake na vocha yake. Hapa kwetu simu inaazimwa kama jembe. Mtoto aliye bweni anapiga kwa simu ya matroni. Mgonjwa aliyelazwa Bugando anapiga kwa simu ya jirani wa kitanda. Binti akijifungua njiani, atakayepiga ni dereva wa bodaboda ambaye jina lake hulijui.

Na walio ziwani je? Yuko mwenzetu ambaye simu yake aliifungiwa na kijana wake, ikabaki kupokea majina kumi na mawili tu. Mwanawe mwingine alikwenda dagaa, injini ikafa usiku upande wa Ukerewe, simu yake ikalowa maji. Akaazima simu ya mwenzake akampigia baba yake mara tano. Simu ya baba ilikuwa juu ya meza, kimya kabisa, wala haikuwasha taa. Walivutwa na mtumbwi mwingine kulipopambazuka, tunamshukuru Mungu. Lakini watu wa mwambao huu, tuliozika wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, hatuwezi kufanya mchezo na mtu anayeita kutoka majini.

Wazee wanajua habari ya mwano, lile yowe letu Wasukuma. Likipigwa usiku huulizi kwanza ni sauti ya nani, unatoka. Sungusungu walipoanza upande wa Kahama miaka ya mwanzo ya 1980 na kuenea Usukuma na Unyamwezi, nguvu yao ilikuwa hiyo: yowe na filimbi, na kila mtu kutoka. Matapeli wamejifunza kupiga yowe la uongo ili utoke uache nyumba wazi. Je, dawa yake ni kijiji kizima kuziba masikio? Sisi tunasema hapana.

Basi tufanye nini? Simu zenyewe zina njia ya katikati, ila wengi hatukuonyeshwa. Simu janja nyingi za hapa kijijini, za Tecno, Itel, Infinix na Samsung, zinatumia mfumo wa Android, na zinaweza kuwekwa katika Kiswahili kupitia mipangilio ya lugha. Tunashauri mfanye hivyo, kwani si haki mtu mzima kubabaishwa na simu aliyoinunua kwa hela yake. Maneno yanatofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini kazi ni ileile.

Namba ya tapeli ukishaijua, ingia kwenye orodha ya simu zilizopigwa, iguse namba hiyo uone maelezo yake, chagua Zuia. Haitalia tena. Ukikosea ukamfungia shemeji yako, usiogope, kuna orodha ya namba zilizozuiwa, unaingia unamtoa. Baadhi ya vitochi pia vina orodha ya namba za kukataliwa, kwa hiyo wenye vitochi msijione mmesahauliwa. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: ndani ya sehemu hiyo ya kuzuia kuna mahali pa kufungia wapigaji wasiojulikana. Katika simu nyingi maana yake ni wale wanaoficha namba zao, si kila namba usiyoiandikia jina. Hiyo ifungeni bila wasiwasi. Jirani mwema hafichi namba.

Kwa usiku iko njia bora zaidi, nayo inaitwa Usinisumbue. Unaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya sauti, unaifungua, kisha unaieleza nani aruhusiwe kupita. Wale unaowaamini unawawekea alama ya nyota katika majina yako: mke, mume, watoto, balozi, mganga wa zahanati, mwenye mtumbwi. Hao simu italia hata usiku wa manane. Wengine wote watapiga kimya kimya na utawaona asubuhi. Na ndani ya Usinisumbue mna kipengele tunachoomba kila mtu akiwashe: anayepiga tena ndani ya dakika 15 kwa namba ileile aruhusiwe kulia, hata kama humjui. Mtoto wa yule mwenzetu angepiga mara ya pili tu, baba angeamka. Tuwafundishe basi watoto wetu na wavuvi wetu: ukiazima simu usibipu, piga, na isipopokelewa piga tena papo hapo.

WhatsApp ina mlango wake peke yake. Kumzuia mtu kwenye simu hakumzuii kule, inabidi umzuie na huko. Tangu mwaka 2023 ina mpangilio wa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, na simu yao bado unaiona katika orodha. Huo tunaukubali, kwani aliyekwama ziwani na simu ya kuazima atapiga simu ya kawaida.

Najua mtasema: tapeli naye anaweza kupiga mara mbili. Ndiyo, anaweza. Hapo kazi ya simu imekwisha, inabaki kazi ya mtu. Kila nyumba ichague swali lake ambalo mgeni hawezi kulijibu, kwa mfano jina la utani la bibi au rangi ya ndama aliyekufa. Na hela isitoke kwa sababu ya simu iliyoingia. Kata, kisha wewe mwenyewe mpigie mhusika kwa namba uliyoiandika siku nyingi. Mitandao ya simu ikimtafuta mteja hutumia namba 100, kwa hiyo mwenye namba ndefu anayejidai ni wa kampuni ya simu, kata. Namba ya siri haipewi mtu, hata awe na sauti ya kiaskofu.

Kumzuia tapeli mmoja bila kumripoti ni kumfukuza fisi kwako akaingie kwa jirani. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 kwa kazi hiyo, upeleke ujumbe wa utapeli na namba ya aliyekupigia. Wengine wanauliza, si laini zote zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020? Kweli. Lakini tapeli hatumii jina lake, anatumia la bibi aliyewekeshwa kidole mara mbili na mwenye mwavuli mnadani. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ikafutwe kabla polisi hawajaja kukuuliza wewe.

Kuna wapigaji wengine ambao si matapeli wa namna hiyo lakini usumbufu wao umevunja urafiki hapa kijijini. Ni wale wa mikopo ya kwenye simu. Mtu anakopa kidogo kwa programu, programu inakomba majina yote yaliyo katika simu yake, akichelewa kulipa wanaanza kuwapigia mwenyekiti, mchungaji na mkwe wake, wakisema "wewe ndiye mdhamini". Kama hukukubali kuwa mdhamini, huna deni, mzuie mara moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Aliyekopa naye tumsaidie kwa siri, tusimcheke kilabuni.

Mwisho tunarudi kwa viongozi wetu, na tunasema bila kuogopa kwa sababu gazeti hili ni la wanachama. Msimu uliopita wanachama walipigiwa na karani kwa simu yake, na mweka hazina kwa simu ya mkewe, na mtunza ghala kwa namba tatu tofauti. Mwanachama atamjuaje karani wa kweli? Mmemzoesha kupokea amri za chama kutoka namba yoyote, halafu akiibiwa mnamwambia ni mjinga. Tunataka chama kiwe na laini moja, iliyosajiliwa kwa jina la chama, ikae ofisini, na habari yoyote ya malipo itoke kwa laini hiyo tu. Ikitokea kosa katika malipo, lisahihishwe kwa kuonana, mbele ya daftari, si kwa simu. Kazi hii ifanyike kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa.

Jumamosi, baada ya mnada, vijana wawili wa sekondari watakaa kivulini pembeni ya ghala kuwaonyesha wazee na akina mama namna ya kuweka nyota, kuzuia namba na kuwasha Usinisumbue. Ni bure. Njoo na simu yenye chaji, simu yako ibaki mkononi mwako, na vijana wenyewe wameagizwa wageuze uso mtu anapoandika namba ya siri. Asiyejua kusoma asomewe tahariri hii na jirani yake.

Nafasi iliyo chini ya karatasi hii tumeiacha wazi makusudi. Ni ya namba ya chama. Karani akiileta tutaiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, na mpaka atakapoileta itabaki hivyo hivyo nyeupe, kila apitaye aione.